Maswali ya Wasomaji: Vidonge vya Homoni, Viungo Vinavyouma na Mazoezi

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi kuhusu tiba ya homoni kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, na tangu hapo barua hazijakoma. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mwili unaouma kwa sababu ya dawa, unaweza kweli kupata nafuu kwa kufanyishwa kazi? Nimechagua barua tano. Baadhi yenu mnaniita daktari. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na panapohitaji daktari nitasema hivyo.

Nikiamka siwezi kufungua chupa ya chai

*Mtaalamu wetu, hujambo? Nina umri wa miaka 58 na ninaishi Umoja. Nilifanyiwa upasuaji wa titi, nikapata kemotherapia na mionzi, na sasa huu ni mwezi wa nane tangu nianze kumeza anastrozoli. Kila asubuhi vidole vyangu huwa vimekakamaa hata siwezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Mjukuu wangu ndiye anayenifungulia, kisha hunifunga vifungo vya sweta kana kwamba mimi ndiye mtoto. Magoti nayo yanaumia sana ninaposhuka ngazi, na tunakaa ghorofa ya nne. Mwenzangu katika chama ameniambia niache vidonge kwa kuwa saratani ilishatolewa. Binti yangu anasema nifanye mazoezi, lakini nitayafanyaje na mwili wenyewe ndio huu? — Nyanya wa Ghorofa ya Nne, Umoja*

Mama, nianze na vidonge, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo. Ukiwa umepewa anastrozoli, maana yake ni kwamba uvimbe uliotolewa titini mwako ulikuwa wa aina inayostawi kwa homoni ya estrojeni. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zake huacha kutengeneza homoni hiyo, lakini mafuta ya mwili, misuli na sehemu nyingine huendelea kuitengeneza kidogo kidogo kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Anastrozoli, pamoja na ndugu zake letrozoli na eksemestani, huzuia kimeng'enya hicho, na estrojeni iliyobaki hushuka karibu kwisha. Chembe za saratani zilizojificha, kama zipo, hukosa kinachozilisha. Lakini viungo vya mikono na magoti, ambavyo vimeizoea homoni hiyo tangu ujana wako, navyo huikosa, na ndipo vinapokakamaa. Takriban nusu ya wanawake wanaomeza dawa za kundi hili hupata maumivu ya viungo. Kwa hiyo hujarogwa, wala hujazeeka kwa usiku mmoja.

Mwenzako wa chama ana nia njema, lakini amekosea. Upasuaji uliondoa uvimbe uliokuwa ukionekana. Vidonge vinawekwa kwa ajili ya kile kisichoonekana, kwa kawaida kwa miaka 5 na kwa wengine zaidi, na mwanamke anayeviacha njiani hujiongezea uwezekano wa ugonjwa kurudi. Nimewaona wanawake waliokuwa wakimjibu daktari kwamba wanaendelea vizuri huku pakiti za dawa zikijaa kabatini bila kuguswa, na hilo hunisikitisha kuliko maumivu yenyewe, maana daktari akiambiwa ukweli anazo njia kadhaa. Anaweza kukubadilishia kidonge kimoja kwa kingine cha kundi hilohilo, kwa kuwa kuna wanaoteswa na kimoja na kukivumilia kingine. Anaweza kukupumzisha kwa muda unaojulikana. Anaweza kukupa dawa ya maumivu au kukuhamishia kwenye dawa ya aina nyingine. Mweleze mambo ya chupa ya chai na vifungo vya sweta kama ulivyonieleza mimi. Hayo yanamfaa kuliko kusema tu kwamba mwili unauma.

Kabla ya mazoezi, tutenganishe maumivu na maumivu. Yale ya dawa kwa kawaida hushika pande zote mbili, mkono huu na ule, goti hili na lile. Huwa makali baada ya kulala au kukaa na hulegea mtu akishatembeatembea. Maumivu yaliyoganda mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi siku baada ya siku na kukuamsha usiku, hayo ni ya kumwonyesha daktari mapema. Vivyo hivyo maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea au kufa ganzi, ambayo hayangoji hata siku moja, na kiungo kimoja kilichovimba kikawa chekundu na cha moto.

Sasa swali la binti yako. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, wakiongozwa na Melinda Irwin, walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 121 waliokuwa na maumivu kama yako kutokana na dawa kama yako, na ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki chini ya usimamizi, pamoja na kutembea au zoezi jingine la kuuchangamsha moyo kwa dakika 150 kwa wiki; kundi la pili liliendelea na maisha ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, kipimo cha maumivu makali zaidi kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 29 katika kundi la mazoezi, na katika kundi la pili kilikuwa kimepanda kidogo, kwa asilimia 3. Maumivu hayakwisha, yalipungua karibu theluthi, na kwa mtu anayeshindwa kufungua chupa theluthi si haba. Jambo jingine linalonifurahisha katika utafiti huo ni kwamba wanawake wale walihudhuria wastani wa asilimia 70 tu ya vipindi vya kuimarisha misuli. Walikosa siku kadhaa kama watu wote, kwa mvua na misiba na wajukuu wagonjwa, na bado walifaidika.

Zingatia kwamba walifanya yote mawili. Wengi tukisikia mazoezi tunafikiria kutembea peke yake, na kutembea ni kuzuri, lakini goti halishikwi na mwendo tu, linashikwa na msuli wa paja. Na msuli haukui bila kupewa uzito.

Anza mikononi, kitandani palepale kabla ya kuinuka: kunja ngumi polepole bila kuibana, kunjua vidole vitanuke, mara kumi. Kisha weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, tia kitambaa cha pamba ndani, ukikamue chini ya maji kwa mikono yote miwili, ugeuze upande wa kukamulia, kwa muda wa dakika tano. Wanawake ninaowafundisha hunicheka kwamba nimewarudisha kufua, lakini wengi huniambia kwamba baada ya beseni kifuniko cha chupa hufunguka.

Miguu uipe kiti. Chukua kiti cha mbao, kiegemeze ukutani ili kisiteleze. Keti ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu sawasawa, kunja mikono kifuani, kisha inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, na usimame. Kuketi ndiko kwenye kazi: shuka ukihesabu moja hadi nne, wala usijiangushe, kwa maana msuli wa paja hujengeka zaidi unapouzuia mwili kuanguka, na huo ndio msuli unaokosekana unaposhuka ngazi. Fanya mara nane, pumzika dakika moja au mbili, urudie. Magoti yakikataa, kunja blanketi uliweke juu ya kiti ili kiinuke, na wiki zinavyokwenda uliondoe. Siku utakapofanya mara kumi na mbili bila kuchoka, kumbatia kifuani pakiti ya unga ya kilo mbili na urudi kwenye nane.

Pakiti hiyohiyo, kabla haijawa ugali, ina kazi nyingine. Itie kwenye kiondo, shika meza kwa mkono mmoja, inama kidogo, na kwa mkono mwingine uvute kiondo kuelekea kiunoni kama mtu anayeteka maji kwa kamba. Mpini wa kiondo ni mnene na hausumbui vidole vigumu kama chuma chembamba. Kama bado ni kizito, chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa takriban nusu kilo, anza nayo. Mtungi wa lita 20 uache kwanza, kwa kuwa hizo ni kilo 20. Ongeza kusukuma ukuta kwa viganja, mwili ukiwa umeinama kidogo, na kuinuka kwa vidole vya miguu ukiwa umeshika sinki la jikoni. Siku mbili kwa wiki zinatosha, zisifuatane.

Siku nyingine ni za kutembea. Anza na dakika kumi, uongeze dakika mbili tatu kila wiki mpaka ufike thelathini. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, kaza mwendo. Kando ya barabara ya Outer Ring kuna njia ya waendao kwa miguu, na wewe wa Umoja huuhitaji msitu wa Karura wala raba za bei ghali, mradi kiatu kishike kisigino. Katika baridi ya Juni hadi Agosti usijilazimishe kutoka alfajiri. Saa nne jua likishatoka viungo vyako navyo vitakuwa vimeamka. Ngazi za nyumbani zipande mguu wenye nafuu ukitangulia, na uzishuke mguu unaouma zaidi ukitangulia, mkono ukiwa kwenye kishikio.

Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi na yakawa yamerudi palepale kufikia asubuhi ya pili, endelea. Yakibaki juu baada ya hapo, punguza uzito au idadi kwa nusu, wala usiache kabisa. Upe mwili angalau miezi mitatu kabla ya kuuhukumu. Ninasisitiza hilo kwa sababu wengi huacha katika wiki ya tatu, maumivu ya misuli mipya yakiwa yamejumlishwa na yale ya zamani, nao wakaamini kwamba mazoezi yamewadhuru.

Joto hunipanda mbele ya darasa

*Mtaalamu, mimi ni mwalimu Kasarani, miaka 44, na ninatumia tamoksifeni kwa mwaka wa pili. Joto hunipanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, mara sita saba kwa siku, jasho likanitoka nikiandika ubaoni hata wanafunzi wakanong'onezana. Usiku nashtuka shuka zimelowa. Nimeogopa kufanya mazoezi nisije nikajiongezea joto, ilhali rafiki yangu anasema mazoezi huliondoa kabisa. Nimwamini nani? — Mwalimu*

Mwalimu, hapana wa kuaminiwa kikamilifu kati ya hofu yako na rafiki yako. Tafiti zilizofanywa kuhusu mazoezi na joto la ghafla zimetoa majibu yanayopingana, na mimi siwezi kukuahidi kwamba ukitembea kila siku idadi ya mara utakazopandwa na joto itapungua. Anayeahidi hivyo anakuuzia kitu. Lakini mazoezi hayajaonekana kulizidisha tatizo lenyewe; joto la zoezi huja na kuondoka, na la tamoksifeni lina chanzo kingine.

Dawa hiyo haipunguzi estrojeni mwilini kama zile za Nyanya wa Umoja. Hukaa mahali ambapo estrojeni ingekaa kwenye chembe za titi, mithili ya ufunguo unaoingia kwenye kufuli bila kuligeuza. Ubongoni nako huvuruga sehemu inayosimamia joto la mwili, kiasi kwamba ongezeko dogo, ambalo zamani lisingeonekana, huchukuliwa kama moto wa kuzimwa: mishipa ya ngozi hupanuka na jasho hutoka.

Kwa nini basi bado ninakuhimiza ufanye mazoezi? Kwa sababu ya yale yanayoandamana na joto hilo: usingizi uliokatika, uchovu wa mchana, moyo mzito na kilo zinazoongezeka. Hayo mazoezi huyapunguza, na mtu aliyelala vizuri hulibeba joto la saa tano asubuhi kwa namna tofauti na aliyekesha. Fanya asubuhi au jioni mapema, wala si saa moja kabla ya kulala. Vaa pamba, tena nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, ili uvue moja. Wakazi wa Nairobi tumezoea sweta nzito ya asubuhi ambayo saa sita huwa adui. Beba maji. Joto linapoanza kupanda, popote ulipo, vuta pumzi polepole kwa hesabu ya tano hadi tumbo lijae, uitoe kwa hesabu ya tano, na uendelee hivyo mpaka lipite. Unaweza kufanya hivyo ukiwa umewapa wanafunzi mgongo, na hakuna atakayejua.

Likizidi kukutesa, zipo dawa ambazo daktari anaweza kukuandikia. Mkumbushe kila mara kwamba unatumia tamoksifeni, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona, hasa paroksetini na fluoksetini, huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa katika umbo lake lenye nguvu. Na dawa za homoni wanazopewa wanawake wengine kwa ajili ya joto la kukoma hedhi hazikufai wewe, hata zikiuzwa kwa jina la mitishamba.

Mke wangu nimemkataza kazi zote, lakini bado amechoka

*Mimi ni mume wa mgonjwa, tunaishi Ruaka. Tangu mke wangu aanze vidonge vya homoni nimeajiri msichana wa kazi na nimemwambia mke wangu apumzike tu. Analala mchana, anaketi mbele ya runinga, lakini jioni anasema amechoka kuliko jana. Nimemkosea nini tena? — Mume*

Ndugu yangu, hujamkosea. Umempenda kwa njia ambayo kila mtu angekushauri. Ila uchovu wa tiba ya saratani si kama uchovu wa shamba unaoisha kwa kulala. Msuli usiotumika hudhoofu ndani ya wiki chache, kisha kazi ndogo, hata kuoga, huanza kudai nguvu nyingi, na mtu hujiona anahitaji mapumziko zaidi. Katika tiba zisizo za dawa, mazoezi ya kiasi ni miongoni mwa zile zilizothibitika vizuri zaidi kupunguza uchovu huo.

Kwanza apimwe damu kliniki, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huchosha vilevile na hutibika. Kisha mrudishie kazi moja anayoipenda, iwe ni kwenda sokoni au kumwagilia sukuma wiki, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Jioni utokapo kazini usiulize kama amepumzika. Vaa viatu, umwambie mtembee wote wawili mpaka dukani na kurudi.

Daktari anataka ninyanyue vitu, jirani anasema mkono utavimba

*Mtaalamu, nina miaka 63 na ninauza nguo Gikomba. Ninatumia letrozoli mwaka wa tatu. Nimepigwa picha ya mifupa nikaambiwa imeanza kupungua uzito, nikashauriwa nifanye mazoezi ya kunyanyua vitu. Lakini mkono wangu wa kushoto, upande waliotoa tezi za kwapani, huvimba, na niliambiwa tangu siku ya upasuaji kwamba mkono huo usibebe chochote maisha yangu yote. Mifupa inataka hivi, mkono unataka vile. — Mama Mitumba*

Mama, umekutana na ushauri wa nyakati mbili. Ule wa kutobeba chochote ulitolewa kwa nia njema miaka mingi, kwa hoja kwamba tezi zikishatolewa maji ya limfu hayana njia nzuri ya kurudi kifuani, na kazi ingeyaongeza. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe kama wako. Nusu walinyanyua uzito mara mbili kwa wiki, wakianza na mdogo sana na kuongeza polepole, wakiwa wamevaa mkono wa nguo ya kubana waliopimiwa. Baada ya mwaka, mikono yao haikuwa imevimba zaidi ya ile ya wasionyanyua, vipindi vya uvimbe kulipuka vilikuwa vichache kwao, na nguvu zao zilikuwa zimeongezeka. Mkono dhaifu ndio unaoumizwa na mzigo wa ghafla, na katika kazi yako mizigo ya ghafla haikosi.

Hilo halimaanishi urudi kuvuta marobota. Robota la mitumba ni mzigo wa vijana wawili, na hilo ningekuambia hata kama hujawahi kuugua. Nenda kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeujua uvimbe wa limfu, upimwe mkono na upatiwe wa kubana unaokutosha. Ule wa kununua kwa kukisia ukibana vibaya hukusanya maji mahali pasipotakiwa. Kisha anza mkono wa kushoto na chupa ya nusu lita: kunja kiwiko, inua mkono mbele hadi usawa wa bega, mara kumi polepole. Ukikaa wiki mbili bila mkono kuwa mzito, kubana au kuvimba, ongeza nusu kilo nyingine, si zaidi. Ukanda wa mpira, kama ule wa kufungia mizigo kwenye bodaboda lakini laini zaidi, unafaa pia kuvutwa ukiwa umefungwa kwenye kitasa. Ngozi ya mkono huo ikiwa nyekundu na ya moto na ukahisi homa, acha mazoezi uende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa hayo ni maambukizi.

Kuhusu mifupa, letrozoli inapoishusha estrojeni, chembe zinazoumega mfupa hupata uhuru kuliko zinazoujenga. Mfupa hujibu uzito na kishindo. Wewe husimama kutwa, na huo ni mwanzo mzuri, lakini kusimama tu hakutoshi. Inuka kitini kama nilivyomweleza Nyanya wa Umoja, panda ngazi, inuka kwa vidole kisha ujiachie visigino viguse chini kwa kishindo kidogo, mara kumi na tano. Simama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta, sekunde kumi kila upande, kwa sababu mfupa mwembamba usiovunjika ni ule ambao mwenyewe hajaanguka. Epuka kuinama ukiwa umepinda kiuno na mzigo mkononi, namna mnavyochagua nguo zilizomwagwa chini. Weka nguo mezani, au chuchumaa mgongo ukiwa wima. Mezani usikose omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa na sukuma wiki. Muulize daktari kuhusu vitamini D na kama umefikia kiwango cha kupewa dawa ya mifupa. Mazoezi peke yake hayarudishi yote ambayo letrozoli imechukua.

Safari ya usiku hadi Mombasa

*Ninatumia tamoksifeni, na mwezi ujao ninasafiri kwa basi la usiku kwenda harusi Mombasa. Nimesikia kwamba dawa hii huleta mgando wa damu miguuni. Nifanye nini? — Msafiri, Buruburu*

Ni kweli, tamoksifeni huongeza kiasi uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu, na kukaa bila kujongea huuongeza tena. Mombasa iko karibu kilomita 480. Kama umewahi kupata mgando, au ulifanyiwa upasuaji majuzi, zungumza na daktari kabla ya kukata tiketi, na usijiandikie aspirini mwenyewe.

Omba kiti cha kando ya njia, mzigo usiuweke miguuni. Kila nusu saa ukiwa macho, inua visigino vidole vikiwa chini, kisha inua vidole visigino vikiwa chini, mara ishirini, ili misuli ya vigimbi isukume damu kurudi juu. Usijinyime maji kwa kuogopa choo. Basi linaposimama Mtito Andei, shuka hata kama usingizi ni mtamu, tembea dakika zote wanazowapa, chai uinywe ukiwa umesimama. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto kuliko mwenzake, au ukikosa pumzi ghafla, ukaumwa kifua au kukohoa damu, hiyo ni safari ya hospitali wakati huohuo, hata kama ni katikati ya harusi. Ukifika, kabla wenyeji hawajakukalisha, linganisha vigimbi vyote viwili. Vikiwa sawa, nenda ukacheze chakacha.